Wakuu, kwanini sauti ya msanii unaijua hata neno la kwanza halijaisha?

Mbagala_Juu:
Habari za jioni wakuu. Jana nimepanda daladala Kariakoo naenda Rangi Tatu, foleni ya pale kwa Azizi Ally ikatushika kama kawaida yake, konda kachomeka flashi ya zilipendwa. Magitaa yakaanza, mwimbaji ile anaingia tu mama mmoja siti ya nyuma akasema "Bitchuka huyo", hata neno halijaisha! Na kweli ni yeye. Sasa nikajiuliza, kuna dada jirani yetu anaimba bendi ya kopi, akipiga nyimbo za Lady Jaydee noti zote anazipata, mi sijawahi kumsikia akikosea, ila fumba macho na unajua kabisa huyu siyo Jide. Hiyo tofauti inakaa wapi? Kooni, puani, kwenye lafudhi, au ni mafundi wa studio wanatuchezea?

kiroba_cha_mkaa:
Inakaa kwenye malipo. Mwenzie analipwa hela, yeye analipwa soda na chipsi kavu 😂

FundiMitambo:
Mkuu mi nina kistudio hapa Sinza acha nikujibu japo kidogo. Kooni kuna nyuzi mbili zinatetema, mwanaume akiongea zinatetema kama mara 100 na ushee kwa sekunde, mwanamke karibu 200. Ila zenyewe peke yake zinatoa kamlio tu kama nyuki kwenye chupa, huwezi kumjua mtu kwa hapo. Kinachofanya kazi ni koo lenyewe, kinywa na pua, hilo ndo boksi la gitaa. Chukua magitaa mawili uyafunge nyuzi za aina moja uyatune sawasawa, bado yatalia tofauti kwa sababu maboksi siyo mamoja. Kila noti inakuja na vinoti vingine vidogo juu yake na boksi lako ndo linaamua kipi kisikike na kipi kizame.

Ushahidi huu hapa. Simu za mezani za zamani zilikuwa zinapitisha mitetemo kuanzia kama 300 mpaka 3400 hivi kwa sekunde, ina maana ile noti ya chini ya mwanaume ilikuwa haipiti kabisa, lakini baba akipiga kutoka kijijini ulikuwa unamjua kwa "haloo" moja. Sikio lilikuwa linajazia lenyewe kutokana na vile vya juu vilivyobaki.

Kuhusu mafundi kutuchezea, kuna Auto-Tune, ile programu ya kurekebisha sauti, ilitoka 1997, aliyeitengeneza ni Andy Hildebrand ambaye kabla ya hapo alikuwa anachambua mawimbi ya ardhini kutafutia mafuta, ndo hesabu zilezile akazileta kwenye muziki. Inanyoosha noti iliyopinda, boksi jipya haikupi. Mwaka 1998 yule mwimbaji wa Marekani, Cher, waliizidisha kwenye sauti yake makusudi hadi akalia kama roboti na bado ulikuwa unasema huyu Cher. Mi mwenyewe nishawanyoosha wasanii wawili kwa mipangilio ileile, hawakufanana hata kidogo.

Mzee_wa_Sikinde:
Fundi umeongea vizuri, ila maboksi ya magitaa hayajui Kiswahili. Mimi naona mtu anajulikana kwa namna anavyoingia na anavyotamka. Bendi ya Mlimani Park, ndo Sikinde yenyewe, ilipoanza 1978 ungemsikia Bitchuka juu kabisa, sauti nyembamba inapaa, halafu Gurumo anakuja chini yake mzito kama anakuambia jambo la ukoo. Wale watu walihama bendi mkajua ndo basi tena, kumbe unasimama nje ya ukumbi hujalipa hata kiingilio unajua leo nani yuko jukwaani. Bendi ilibadilika, magitaa yalibadilika, yeye yuko vilevile. Marijani Rajabu naye alikuwa hana haraka, anaweka neno, anaacha, wewe unabaki unalisubiri linalofuata. Hawa wanaowapiga kopi wanajifunza maneno na noti lakini hawaangalii mwenzao alivuta pumzi wapi, wanavuta pale wanapochoka wao. Hapo ndipo wanapokamatwa.

Mbagala_Juu:
Shikamoo mzee wangu. Hii ya pumzi sikuwahi kuiwaza kabisa.

Mzee_wa_Sikinde:
Marahaba.

MwanaTemeke:
Na Bi Kidude mnamuweka wapi? Sauti imekwaruza hadi unahisi wewe ndo koo linawasha, lakini kazunguka nayo dunia mpaka uzeeni, kafariki 2013 na leo hii ikilia redioni hakuna anayeuliza nani huyu. Nasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa kwenye kwaya, mwalimu akawa kila siku ananiambia punguza wewe, sauti yako inatoka nje ya kundi. Nikapunguza weee mpaka nikawa nafungua mdomo tu haitoki kitu. Nilimchukia sana wakati ule, ila nikisoma mlivyoandika namuelewa, kwenye kwaya sauti ikijulikana ni ya nani hiyo ni kosa, wanataka sauti 30 zisikike kama moja. Kwenye taarabu sasa ni kinyume chake, mtu umesimama peke yako na violini nyuma, ukiwa laini kama wengine nani atakutuza? Kwahiyo kile kitu mwalimu alikuwa ananisugua kitoke ndo hichohicho Bi Kidude alikuwa anakula nacho.

kiroba_cha_mkaa:
Dada pole, ila 30 kama moja si bora waajiri mmoja 😂

Mbagala_Juu:
Wakuu narudi. Leo jioni nimemsomea yule dada haya yote, kwanza akanuna, hiyo ya soda hasa. Halafu akanambia kwenye bendi anabana pua makusudi ili afanane na Jide, nyumbani akiwa anafua wala habani. Nikakumbuka kumbe kweli, asubuhi mi nikiwa chumbani nasikia mtu anaimba upande wa pili wa ukuta, sijawahi hata mara moja kuuliza ni nani.

FundiMitambo:
Mlete Sinza Jumamosi. Mwambie aje na hiyo ya kufulia.

kiroba_cha_mkaa:
Soda juu yangu.