Naomba ushauri: nizikwe kihambani au Arusha?

Habari zenu ndugu zangu. Jumamosi tulimzika baba mkubwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Kibosho, Kilimanjaro, kati ya migomba, ubavuni mwa kaburi la babu. Watu walipoanza kutawanyika, shangazi alinishika mkono akanionyesha nafasi kando ya mimea ya masale: "Hapo ni pako, mwanangu." Udongo mbichi ulikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nina miaka 41, na tangu siku hiyo usingizi hauji.

Mke wangu kwao ni Tanga, tumejenga Arusha, na anataka tuzikwe huko huko, karibu na watoto. Wazee wa ukoo hawatakubali, kwetu Mchagga hurudishwa kihambani. Sitaki wagombanie jeneza langu. Niandike wosia sasa, au nianze na kikao cha ukoo? Mliopitia hili, nisaidieni.