Omena imechacha ndani ya nailoni ya "nano", nisaidieni

MamaOmena: Hamjambo wadau. Niko Kisumu, nauza omena (dagaa) ya kukaanga. Nimeipakia kwenye nailoni mpya yenye chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha, niliambiwa haipitishi hewa. Wiki ya tatu tu, inanuka mafuta mabovu. Nimekosea wapi?

KakaKondele: Chembe za fedha? Fedha zako ndizo zimeisha, mama.

NyanyaDunga: 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nilifunga omena kwa gazeti. Mteja akarudi kulalamika kuwa samaki wake wameandikwa matokeo ya timu yetu ya soka, Gor Mahia, tena tulifungwa.

MwalimuKemia: Nailoni yenyewe ni ya nini?

MamaOmena: Polithini ya kawaida, wamechanganyia hizo chembe.

MwalimuKemia: Polithini huzuia unyevu, lakini oksijeni inapita. Kazi ya chembe ni kuizungusha hewa ichelewe kupita, kama wewe ukipenya Kibuye siku ya soko. Zikiwa bapa zinazuia vizuri. Za duara hazifui dafu. Zikishikana madonge ndiyo huacha mianya. Halafu fedha inaua bakteria, na mafuta yako yameharibiwa na oksijeni. Pakiti ya krispi imepakwa alumini na kujazwa nitrojeni ili kufukuza oksijeni. Unafungaje mdomo?

MamaOmena: Nafunga vizuri.

MwalimuKemia: Kwa kutumia nini?

MamaOmena: Mshumaa na kipande cha msumeno. Msinicheke, huo mshumaa umesomesha watoto wawili kwa kufungia njugu!

MwalimuKemia: Zamisha pakiti kwenye maji, uifinye.

MamaOmena: Mapovu yanatoka pembeni, kumbe panavuja. Lakini nailoni siirudishi. Nimeshachukua rola mbili kwa pesa za chama chetu cha akiba, na aliyeniuzia ni shemeji yangu.

NyanyaDunga: Pesa za chama! Mwanangu, hizo haziguswi hata ukiota.

Sidanganyiki: Ngojeni kwanza. Nailoni ya fedha, shemeji, chama... hii ni hadithi. Kesho tutapewa namba ya shemeji.

KakaKondele: Nani hutangaza bidhaa kwa kusema imenuka?

Sidanganyiki: Basi anayeuza ni huyo mwalimu. Mbona alikimbilia mdomo wa pakiti?

MwalimuKemia: Mimi nafundisha kidato cha tatu, ndugu yangu.

MamaOmena: Gombaneni baadaye. Chama kinakutana Jumapili. Mwalimu, mashine ya kufungia ni pesa ngapi?

Sidanganyiki: Mmeona?