Runx Z, Altezza RS200 au Mark II ya 1JZ: tulinganishe kasi ya pistoni kabla ya kununua

Zabibu_Makutupora:

Mbukwenyi wakuu! Natafuta gari la gia za mkono la kufurahia wikiendi. Makazi Dodoma, safari za mara kwa mara Singida, na Iringa kwa kupitia Mtera. Mezani yamebaki matatu, yote ya Toyota: Runx Z yenye injini ya 2ZZ-GE, Altezza RS200 yenye injini ya 3S-GE ya BEAMS, na Mark II yenye injini ya 1JZ ya turbo.

Kila kijiwe ninachopita naambiwa "hiyo inakwenda mpaka elfu nane", kama vile RPM ikishatajwa basi mjadala umefungwa. RPM inakwambia kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara ngapi kwa dakika. Pistoni inakimbia kiasi gani, hilo linategemea pia stroku, yaani urefu wa njia yake kutoka chini mpaka juu. Hesabu yake nyepesi: chukua stroku kwa milimita, zidisha kwa RPM, gawanya kwa 30,000. Unapata kasi ya wastani ya pistoni, mita kwa sekunde.

Nimezipiga zote kwenye RPM ambayo kiwanda kinasema ndipo nguvu inafika kileleni:

2ZZ-GE, boa (upana wa silinda) 82 na stroku 85: nguvu farasi 190 kwenye 7,600. Pistoni 21.5.
3S-GE BEAMS, 86 kwa 86: nguvu farasi 210 kwenye 7,600. Pistoni 21.8.
1JZ-GTE, 86 kwa 71.5: nguvu farasi 280 kwenye 6,200. Pistoni 14.8.

Halafu nikaipima na Runx ya kawaida ya 1NZ-FE, stroku 84.7, kileleni kwenye 6,000. Ikaja 16.9. Maana yake 1JZ inayoogopwa na watu, pistoni zake ziko taratibu kuliko za Runx ya kupeleka watoto shule. Kwa injini za mtumba, nichague kwa kigezo hiki au kuna kitu sikioni?

Fundi_Kizota:

Hesabu iko sawa mkuu, sina ubishi. Ila injini ninazoshusha hapa zikiwa zimenoki, nyingi zimeuawa na oili: imepungua, imezeeka, au imewekwa nzito kama uji kwa sababu mtu anataka kuziba moshi auze gari.

Hiyo 2ZZ ina kemu ya pili, yaani kifungua valvu cha RPM za juu, inayoingia kwenye elfu sita na kidogo. Ukiijaribu barabarani, injini ikiwa imeshapata moto, vuta gia ya pili mpaka uvuke hapo. Sauti lazima ibadilike ghafla, gari lisukume. Isipobadilika, fungua kava ya valvu uangalie bolti zinazoshika shafti ya roka. Za matoleo ya mwanzo hulika katikati. Ukipitisha ukucha unagusa mtaro. Zikilika presha ya oili inavuja pale na ile kemu ya pili haishiki tena. Hapo utakuwa umenunua Runx ya kawaida kwa bei ya Z.

Mwalimu_wa_Fizikia:

Zabibu, kigezo chako ni kizuri lakini ni nusu ya habari. Kasi ya wastani ni wastani tu. Pistoni inasimama kabisa juu, inasimama kabisa chini, na katikati inafikia kasi ya karibu mara 1.6 ya huo wastani. Chukua F20C ya Honda S2000, stroku 84, mstari mwekundu, yaani mwisho wa RPM, 9,000 kwa zile za Japani. Wastani ni mita 25.2 kwa sekunde, kama kilomita 90 kwa saa, mwendo ambao basi la Dar haliruhusiwi kufika. Ila basi halisimami mara 300 kila sekunde.

Kinachovunja chuma ni huko kusimamishwa na kurushwa upya. Kasi inapanda sambamba na RPM, lakini mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika haraka, ambao ndio unaovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na bolti zake, unapanda kwa mraba wa RPM. F20C kwenye 9,000, konrodi yake ikiwa na urefu wa milimita 153, pistoni ikifika juu inapata mchapuko wa zaidi ya mara 4,800 ya mvutano wa dunia.

Sasa tazama Formula 1 ya mwaka 2007. V8 za lita 2.4, boa ya milimita 98, stroku haifiki hata 40, mzunguko ukiwekewa kikomo cha 19,000. Piga hesabu yako: mita 25 kwa sekunde. Sawasawa na S2000! Lakini mchapuko wake unavuka mara 8,000 hata kabla hujaingiza urefu wa konrodi kwenye hesabu. Kasi ile ile, mzigo tofauti kabisa.

Ndiyo maana naiona kasi ya pistoni kuwa kipimo cha msuguano, cha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda, cha ringi kulika, na cha hewa kuwahi kuingia. Kujua kama konrodi itatoka ubavuni, hesabu mchapuko.

Kijana_Ilazo:

Mwalimu umenirudisha kidato cha tano 😂 Sasa mbona wasitengeneze zote ziwe na stroku fupi, yaishe?

Mwalimu_wa_Fizikia:

Kwa ujazo ule ule, ukifupisha stroku lazima upanue boa. Boa pana inakupa nafasi ya valvu kubwa, hilo ni zuri kwa resi. Lakini moto unaoanzia kwenye plagi unakuwa na safari ndefu zaidi mpaka ukingoni, na chumba cha mwako kinakuwa bapa, kinapoteza joto. Gari la kwenda kazini linataka mafuta kidogo na kuvuta vizuri RPM ikiwa chini, ndiyo maana 1NZ ina boa 75 na stroku karibu 85. Haikutengenezwa kwa ajili yako wewe wa Ilazo.

Dada_Manyoni:

Naomba niongee kama mwenye Altezza RS200. Kwanza, wote mnasahau kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa imepungua kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Pistoni lakini haijui habari hizo, kasi yake haibadiliki. Kwa hiyo na Runx na Altezza huku juu unalipa mita 21 zote kwa sekunde na hupewi farasi wote. 1JZ yenye turbo inajisukumia hewa yenyewe, hainung'uniki sana.

Pili, vumbi. Hapa ndipo naona hatari yenyewe. Mimi nina shamba ndani huko, nje ya lami, na kiangazi vumbi la huku ni laini kama poda. Nilipolinunua gari lilikuwa na ile filta ya wazi ya koni, ya kupendeza ukifungua boneti. Nikachomoa bomba la hewa baada ya filta, nikapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka na rangi ya matofali. Hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa silinda, halafu ringi zinaisugua hapo. Nikarudisha boksi la kiwandani na filta ya karatasi siku hiyo hiyo. Sauti imepungua, sawa. Moshi wa bluu, wa injini inayounguza oili, sitaki.

Na hiyo raha ya 7,600 utaipatia wapi? Barabara ya Morogoro kila kijiji kibao cha 50, na tochi iko chini ya mti.

Mzee_wa_Chenene:

Vijana, shikamooni mnipe mimi, sio hizo 1NZ. Mimi ni mtu wa 1JZ tangu enzi za Chaser. Watu wanakimbilia 2JZ kwa sababu ni lita tatu. Boa ni ile ile 86, tofauti ni stroku: 71.5 kwa 86. Zipeleke zote 7,000: 1JZ pistoni inakwenda 16.7, 2JZ inakwenda 20.1. Mwalimu, hebu tupe na huo mchapuko wako.

Mwalimu_wa_Fizikia:

Marahaba mzee wangu, leo tumegeuziana. Kwenye 7,000, 1JZ kama mara 2,500 ya mvutano wa dunia, 2JZ kama 3,070. Kwa hiyo 1JZ ina nafasi zaidi ya kupigwa resi, na 2JZ inakulipa kwa kuvuta mapema. Lakini usisahau: kwenye turbo mzigo mkubwa mwingine ni presha ya mwako inayoisukuma pistoni chini. Ukiongeza busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kasi ya pistoni inabaki pale pale wakati beringi zinaumia. Hiyo 14.8 isikulaze usingizi.

Fundi_Kizota:

Hapo mwalimu amegusa. 1JZ nyingi zinazouzwa mjini zimeshaongezwa busti na mtu fulani, na mwenye gari wa sasa hata hajui.

Kijana_Ilazo:

Mi nilitaka niulize kuhusu kutoa limita, kile kikomo cha RPM, kwenye Runx Z. Kompyuta ikiachia mpaka 9,000 si inakuwa 25.5 tu, karibu sawa na S2000?

Fundi_Kizota:

Kasi karibu sawa, vifaa si sawa. Springi za valvu zitakosa kuirudisha valvu kwa wakati kabla pistoni haijalalamika, na pampu ya oili ya 2ZZ ina sifa mbaya ya gia zake kupasuka ikizidishiwa mizunguko. Pampu ikipasuka presha inakwenda sifuri, injini imekwisha hapo hapo.

Halafu limita haikukingi na mkono wako mwenyewe. Unatoka ya tano unataka ya nne, unaingia ya pili. Matairi ndiyo yanaizungusha injini, kompyuta inaweza kukata mafuta tu.

Mwalimu_wa_Fizikia:

Nimepiga hiyo. Tuseme kosa la gia limeipeleka 2ZZ 10,500. Kasi ya pistoni inatoka 21.5 ya kileleni kwenda 29.8, ongezeko la asilimia 38. Mvuto kwenye konrodi unaongezeka asilimia 91. Na kabla ya kosa, kwenye 7,600 ile ya kawaida, pistoni na pini yake tukiziweka gramu 350 zilikuwa tayari zinaivuta konrodi moja kwa zaidi ya tani moja na robo.

Zabibu_Makutupora:

Asanteni sana. Runx Z naiweka pembeni, maana niliyoiona muuzaji anakataa kava ya valvu kufunguliwa. Nabaki na Altezza na Mark II. Dada Manyoni, yako inakula oili?

Dada_Manyoni:

Kidogo, nikiipeleka juu kwa muda mrefu. Naangalia stiki ya oili kila nikijaza mafuta. Ukienda kukagua Altezza, fika asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, na umwambie usiku asiipashe. Simama nyuma ya bomba la moshi wakati mwenzako anawasha, uone kama unatoka huo moshi wa bluu.

Fundi_Kizota:

Na uje na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, usitegemee cha muuzaji. Silinda zote nne, siyo ile ya mbele tu kwa sababu ndiyo rahisi kufika. Mark II ukiipata niletee nione kwanza busti imewekwa ngapi.