Upasuaji wa ncha ya mzizi: shimo la mfupa lijazwe au liachwe?

tayajuu
Wakuu, jino la 12 (la pili kutoka katikati, juu kulia). Mrija wa mzizi ulishazibwa upya, usaha bado unarudi. CBCT (eksirei ya pande tatu) inaonyesha shimo la milimita 12; ganda la mfupa la mbele limeliwa na la kaakaa limetoboka. Ncha itakatwa. Nijaze unga wa mfupa wa ng'ombe, wa binadamu, au damu yenyewe inatosha? Mgonjwa analipa mfukoni, sitaki kumbebesha kisicho na kazi.

Mkwanguo
Tazama kuta kwanza, ndipo upime ukubwa. Ukuta wa kaakaa ungekuwa mzima na shimo dogo, damu ikiganda humo inatosha, unafunga ufizi tu. Kwako kuta zote mbili hazipo. Nyama ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa, itaingia mbele na nyuma, na utabaki na kovu badala ya mfupa. Kwa hiyo cha kununua kwanza ni utando wa kolajeni, karatasi laini ya protini inayouzuia ufizi usiingie. Unga unausaidia utando usibonyee shimoni.

Kwangua nyama yote, uipeleke patholojia. Kata milimita 3 za ncha, mkato unyooke kukingama mzizi, chimba milimita 3 kwa ncha ya altrasoniki, uzibe kwa MTA (saruji ya kuzibia mzizi). Shimo lioshwe KABLA ya MTA. Ukimwaga maji ya chumvi baadaye unaing'oa ikiwa bado laini. Futa tu kwa shashi yenye unyevu.

Adrenalini uliyotumia kuzuia damu imekausha kuta, kwa hiyo zikwaruze mpaka zivuje tena. Hapo ndipo uweke unga, chembe za milimita 0.25 hadi 1, ulioloweshwa kwa damu ya mgonjwa mpaka uonekane kama mchanga mbichi. Usiushindilie: nafasi kati ya chembe ndimo mishipa ya damu inamopita. Utando uvuke kingo za shimo kwa milimita 2 au 3.

Pasi90
Naongeza kuhusu unga. Wa ng'ombe hukaa miaka, na kwenye eksirei unang'aa mweupe, hivyo usimwandikie mgonjwa "amepona" baada ya miezi 6 kwa weupe huo. Salfeti ya kalsiamu ni ya bei nafuu, lakini huyeyuka ndani ya wiki chache. Beta-TCP (fosfeti ya kalsiamu ya kutengenezwa) huondoka polepole zaidi.

Bi_Fizi
Someni boksi kabla ya siku ya upasuaji. Tando nyingi za kolajeni zinatokana na nguruwe. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema ili achague. Zipo za ng'ombe pia.

tayajuu
Asanteni sana. Nikikuta ufa mzizini?

Mkwanguo
Paka bluu ya methilini kwenye uso uliokatwa, suuza, angalia kwa hadubini. Mstari wa bluu ukifuata urefu wa mzizi, usifungue hata chupa ya unga. Jino hilo ni la kung'oa.