Safari ndefu ya gari na rafiki, tujipangeje?

Wadau naombeni ushauri, mimi na rafiki yangu tunataka kukatiza nchi nzima kwa gari, siku kama tano hivi barabarani, na huyu jamaa nampenda sana sitaki turudi tumenuniana.

Jibu: Pokezaneni usukani kila baada ya masaa mawili hata kama hujachoka. Usingizi ukija paki sehemu salama ulale dakika 20, kufungua dirisha au kuongeza mziki hakusaidii kitu.

Jibu: Pesa ndo inagombanisha watu! Wekeni mfuko mmoja wa mafuta na malazi kabla hamjatoka.

Jibu: Upepo wa tairi pimeni zikiwa zimepoa, na spea pia, wengi wanaisahau.