MREJESHO: Faili la CSV lililokuwa linavuruga safu kwenye Python

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini line.split(','), yaani kukata mstari kila penye mkato, inavuruga safu za faili la wateja la CSV (data iliyotenganishwa kwa mikato) lililotoka Excel. Ni kama mlivyosema: anwani kama "Ilala, Dar es Salaam" ina mkato ndani ya alama za nukuu, na split haijali nukuu.

Nimehamia csv.DictReader, kisomaji cha CSV cha Python kinachoheshimu nukuu, na faili nalifungua hivi:

open('wateja.csv', newline='', encoding='utf-8-sig')

Safu zimekaa sawa. Hiyo utf-8-sig ndiyo iliyomaliza KeyError: 'jina' (kosa la kutoipata safu ya jina). Ukiweka utf-8 tupu, alama isiyoonekana \ufeff inabaki mwanzoni mwa jina la safu ya kwanza. Chapisha reader.fieldnames (orodha ya majina ya safu), utaiona.

Kiasi kama "1,250,000" kiliendelea kukataliwa na int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, mpaka nilipoongeza .replace(',', '').

Kilichogoma ni tarehe. Wengine walijaza siku kwanza, wengine mwezi. strptime (inayosoma tarehe) yenye '%d/%m/%Y', yaani siku/mwezi/mwaka, inakataa 04/25/2024, lakini 04/03/2024 inapita kimya kimya hata kama mjazaji alikusudia Aprili 3, na hapo programu haina la kufanya. Tarehe zote zenye utata huo nimezitenga kwenye faili lake, zinahakikiwa na waliozijaza.