Mrejesho: soba za baridi zimekubali

Wakuu, ni mimi niliyelalamika wiki iliyopita kwamba soba zangu, zile tambi za Kijapani za unga wa bakwiti, zinagandana kama uji uliolala. Kumbe kosa lilikuwa kasufuria kadogo! Jana nimechemsha gramu 200 kwenye lita 2 za maji, bila chumvi, dakika 5. Nikazisuuza kwa maji baridi huku nikizisugua kama nafua leso, mpaka utelezi ukaisha, kisha maji ya barafu, nikachuja. Mchuzi wa kuchovya ni sosi ya soya, mirini (divai tamu ya mchele ya kupikia) na dashi (supu nyepesi ya Kijapani ya mwani na samaki mkavu), nao wa baridi.

Aliyeniambia nisimwage maji ya kuchemshia, sobayu, ahsante sana. Nimeyachanganya na mchuzi uliobaki nikanywa. Mume wangu kagoma.